Kiangazi Mama Alipopiga Gitaa la Pili

Duka la Babu Harbans lilinuka gundi ya mbao, ngozi kuukuu na tangawizi. Gundi ilikuwa ya viti, ngozi ilikuwa ya makochi aliyoyavua nguo zao za zamani na kuyavika mpya, na tangawizi ilikuwa ya chai iliyochemka tangu asubuhi kwenye sufuria yake iliyobonyea. Duka hilo lilikuwa Bordesley Green, mashariki mwa jiji la Birmingham, katikati ya mtaa wa nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, na kila baada ya muda king'ora cha gari la wagonjwa kilipita kikielekea hospitali kubwa alikofanya kazi mama yangu. Mama alikuwa muuguzi. Baba alifariki kwetu Vihiga, magharibi mwa Kenya, nikiwa mchanga hata sura yake siikumbuki, na nilipotimiza miaka minne Mama alipata kazi Uingereza, akanibeba tukaja. Kila nilipotoka shule nilikaa dukani kwa Babu, juu ya rundo la sponji, nikifanya hesabu zangu mpaka Mama atoke zamu.

Babu hakuwa babu yangu wa damu. Alikuwa Kalasinga mwenye kilemba cha buluu na ndevu nyeupe, aliyezaliwa Kisumu akaondoka huko kijana, na Kiswahili alichoondoka nacho alikitunza vile vile kilivyokuwa siku aliyopanda ndege. Mama alimgundua kwa masikio. Alikuwa akipita na mfuko wa viazi, akasikia sauti ndani ya duka ikigombana na kochi: "Wewe iko na kichwa ngumu kama punda ya Kibuye." Mama, aliyelijua soko hilo la Kisumu, alicheka peke yake barabarani, akaingia, akamwamkia kwa Kiswahili, na mzee yule akaiacha nyundo ianguke sakafuni. Tangu siku hiyo alimwita Mama "Sista", kama Wakenya wanavyowaita wauguzi, nami nikapata babu. Ukiwa ugenini, jamaa humchagui. Unamwokota njiani na kushukuru.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi. Baridi ilikuwa inaanza kulegea pale mtu mmoja alipokuja kupanga chumba kilichokuwa juu ya duka. Alifika na begi moja na magitaa mawili. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, nywele kazichana kurudi nyuma zikang'aa, na viatu vyake viling'aa zaidi ya nywele. Jina lake la kwenye pasipoti hatukulitumia kamwe. Kwao walimwita Nanno, nasi tukamwita hivyo. Alitoka mji mdogo kando ya mto Rhein, Ujerumani, lakini alipoulizwa kama ni Mjerumani alijibu kwanza kwamba yeye ni Msinti. Wasinti wameishi nchi ile karne nyingi, wana lugha yao na desturi zao, na wana muziki wao wa jazi unaopigwa kwa magitaa matupu, pengine na fidla, bila ngoma hata moja. Nanno alikuja Birmingham na binamu yake kupiga muziki katika mkahawa mmoja katikati ya jiji. Binamu akashikwa na hamu ya nyumbani, akarudi. Nanno akabaki na magitaa mawili na mikono miwili tu.

Siku ya kwanza nilipomsikia nilidhani huko juu kuna watu watatu. Nilikuwa na penseli mdomoni. Sauti zilishuka kupitia mbao za dari, zikiteremka haraka kama shanga zilizokatika uzi, kisha zikapanda tena polepole, zikasita, zikatetemeka mahali pamoja mpaka penseli ikaniponyoka. Nilipanda ngazi kimya nikachungulia. Alikuwa peke yake, amekaa ukingoni mwa kitanda, na gitaa lake lilikuwa na tundu dogo la umbo la yai badala ya duara. Mkono wa kulia ulining'inia kwenye kifundo kana kwamba umelala, ukiwa umeshika kipande kinene cha pembe cha kupigia nyuzi. Wa kushoto ulikimbia. Aliniona, hakuacha. Baadaye nilimwuliza ni nani aliyemfundisha. "Kwetu mtoto hafundishwi," alinijibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Anaachwa akae karibu." Hakujua kusoma noti hata moja, na wanafunzi wa chuo waliokuja kwake kutoka Selly Oak na karatasi zao za muziki aliwaambia wazikunje, waziweke chini, watazame.

Lakini muziki ule ulipungukiwa kitu. Katika jazi yao gitaa la pili ndilo ngoma: mpigaji wake hukata nyuzi kwa mkupuo, chap, chap, chap, kama mtu anayekatakata sukuma wiki, na yule wa kwanza hukanyaga juu ya mapigo hayo akaenda atakako. Bila hilo Nanno alilazimika kupiga mapigo kwa kisigino. Vumbi la dari likaanguka kwenye chai ya Babu. Babu akafunika kikombe kwa kisahani, akaendelea na kazi. Jioni moja Mama alikuja kunichukua, koti lake refu limefungwa vifungo vyote, akasimama chini ya ngazi, macho darini. Nikamwonyesha begi langu kwamba niko tayari. Hakuniona.

"Huyo mtu anapiga na nani?" aliuliza mwishowe.

"Na mguu," Babu akajibu. "Iko shida, Sista. Mwenzake naenda, yeye nabaki kuvunja nyumba yangu."

Mama alipanda ngazi. Sikuwahi kujua, mpaka jioni hiyo, kwamba mama yangu anajua gitaa. Babu yangu wa kwetu, mzaa Mama, alikuwa mpigaji wa gitaa kavu, lile la mbao lisilo na umeme, enzi ambazo watu wa Vihiga walicheza kwenye arusi kwa gitaa moja na chupa ya soda iliyogongwa kwa msumari. Wanawe wa kiume hawakutaka kujifunza. Mama ndiye aliyekaa karibu. Baba yake alipokufa, ami zake walilichukua gitaa wakasema halimfai msichana, na Mama akaenda chuoni, hakuligusa tena. Haya yote alimweleza Nanno kwa maneno machache sana, akiwa bado amevaa koti, huku gitaa la pili limelala mapajani mwake. Kisha akapiga kwa kidole gumba na cha shahada, kwa kusitasita, akikosea, akirudia. Nanno alisikiliza ameinamisha kichwa. Mama alipomaliza, Nanno alimpa kipande cha pembe, akamwonyesha namna ya kukata nyuzi na kuzizima papo hapo kwa kiganja. Tulichelewa sana kula siku hiyo.

Kuanzia hapo, Mama alipotoka zamu hakusema "Haya, twende." Alipanda juu. Nami nilibaki na Babu, au nilikaa mlangoni mwa chumba kile nikitazama. Mama alishika upesi, kwa sababu mapigo ya baba yake yalikuwa yamemlala mkononi miaka yote ile yakingoja kuamshwa. Nyumbani alianza kuimba akipiga pasi. Alinunua viatu vyekundu. Pale tuliposali, wanawake wa Kikenya walianza kuulizana kwa macho, na mmoja akamwambia wazi, "Mama Kageha, tunasikia siku hizi una kwaya yako na mzungu." Mama alitabasamu tu. Kageha ni mimi. Nilikuwa sijawahi kumwona mama yangu akiwa mtu anayesemwa, na moyoni nilifurahi, kwa kuwa mtu asiyesemwa ni kama hayupo.

Joto lilipoingia, Mama aliacha kuvaa koti. Siku moja alipanda na sare yake ya hospitali, saa imebanwa kifuani, mikono mitupu hadi kwenye viwiko. Nanno alimtazama, akatazama pembeni. Walipiga kama kawaida. Kisha Mama akamimina chai, akampa kikombe, naye akashukuru, akakiweka dirishani, hakukigusa. Kesho yake Nanno alitoa kikombe chake mwenyewe na kujimiminia. Ikawa hivyo kwa siku kadhaa. Mama alikuwa amekaa nchi hii kwa muda wa kutosha kujua maana ya mtu kukataa kikombe kilichotoka mkononi mwako. Siku aliyochoka aliweka gitaa chini, akasema kwa sauti ile ile aliyoitumia kuniuliza nani amevunja sahani.

"Nanno, mikono yangu ina nini?"

Nanno aliliegemeza gitaa lake kitandani. Alisema hakuwa akidharau ngozi yake. Alisema katika jamaa yake, na si Wasinti wote wanaoshika hivyo, mtu anayegusa damu na maiti kwa kazi hali nao meza moja. Bibi yake hakuwahi kukaa chakulani na daktari. Alisema alishuku tangu siku ya kwanza, kwa maana hata Wajerumani humwita muuguzi dada, lakini alijidanganya kwamba "Sista" ni neno la kanisani. Kisha akaeleza la pili, na hapo sauti yake ilibadilika. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kabla watu wake hawajapakiwa kwenye magari ya moshi kupelekwa kambi za mauaji, walitangulia kuja watu wa makoti meupe. Walikuwa wapole. Walijifunza lugha yao, wakawapa watoto peremende, wakawapima vichwa, wakawatoa damu. Bibi yake alikuwa na dada sita, akarudi peke yake. "Sare hiyo," alisema, "mama yangu akiiona barabarani huvuka upande wa pili mpaka leo."

Nilitarajia Mama anishike mkono tuondoke. Badala yake alisema kwao pia palikuwa na miko ya damu na ya maiti. Aliyekata kamba ya mtu aliyejinyonga hakuingia nyumba ya mtu mpaka atakaswe, na baba yake mwenyewe aliwahi kulala nje kwa sababu hiyo. "Sikulaumu," alisema. "Lakini mimi sikumpima mtu kichwa. Mimi huwaosha wanaokufa ili watoto wao wawakute safi." Akachukua begi langu, tukateremka.

Hatukupanda juu kwa muda. Mama akawa ananiita kutoka barabarani tu, bila kuingia. Halafu siku moja Nanno alikuwa chini dukani tulipofika, amekaa kwenye kochi lililovuliwa, viatu vyake vikiwa vimejaa nyuzi na vumbi la sponji. Alimwomba Mama chai. Mama alitazama sufuria ya Babu, akamimina, akaonja kwanza kama ilikuwa na sukari, kisha akampa kikombe kile kile alichoonja. Nanno alikipokea kwa mikono miwili, akanywa taratibu mpaka mwisho. Babu alijifanya anatafuta msumari. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa kwamba mtu amevuka mpaka mbele ya macho yangu, na kwamba mpaka huo haukuwa wa kuvukwa na kurudi.

Kiangazi cha mwaka ule ndicho kipimo changu cha furaha. Waliombwa kupiga pamoja kule mkahawani mwishoni mwa wiki, na mimi na Babu tukapewa meza karibu na jiko. Watu waliacha uma hewani. Nanno alipopaa na nyuzi zake, vidole vikikimbia juu ya shingo ya gitaa, Mama alikuwa chini yake, hatetereki, macho kayafumba, mkono unakata. Mara mbili tatu Nanno alimtangulia kidogo, naye Mama akageuza kichwa, wakacheka bila sauti, wakapatana. Mwanafunzi mmoja aliyehitimu alifanyiwa sherehe na Wakenya wenzetu, ukumbini Edgbaston, na Mama akaombwa kitu cha nyumbani. Alianza wimbo wa baba yake, wimbo ambao haukurekodiwa popote, unaomsimulia ng'ombe aliyekataa kuuzwa. Nanno hakuwa ameusikia hata siku moja. Alisubiri ubeti mmoja, akaingia kwa sauti ya chini, kisha akauchukua wimbo wa Vihiga akaupeleka Rhein na kuurudisha, na wazee waliokuwa wamekaa na sahani za pilau wakainuka wote kucheza. Mama alikuwa akilia huku akipiga. "Wimbo huu ni wa nani?" Nanno alimwuliza walipomaliza. "Ulikuwa wa baba yangu," Mama akasema. "Sasa sijui."

Nanno alimposa Mama mwezi huo. Mama aliniambia akinisuka, nikiwa nimekaa katikati ya magoti yake, na akaniuliza ningeonaje. Nikamwambia ningeona vizuri. Lakini ilibidi kwanza aje kaka mkubwa wa Nanno, Lolo, ambaye ndiye aliyeshika nafasi ya baba katika jamaa yao na ndiye kiongozi wa bendi ya ndugu. Hapo ndipo Nanno alipomwomba Mama jambo ambalo nadhani lilimuuma kuliko kile kikombe. Alimwomba asiseme kazi yake. Aseme anamsaidia Babu kushona vitambaa vya makochi. Baadaye, wakishazoeana, ukweli ungetafutiwa siku yake.

"Unataka nifichwe," Mama alisema.

"Nataka akusikie kwanza," Nanno akajibu. "Akikusikia ukipiga, mengine yatakuwa mepesi."

Mama akakubali. Mwacha mila ni mtumwa, walisema wa kale, ila hawakutuambia yule anayeomba kupokewa katika mila ya wenzake ataitwa nani.

Lolo alifika Jumapili moja mchana, na gari lake lilikuwa safi kana kwamba halikuvuka bahari. Alikuwa mtu mzito, mpole, mwenye sauti ya chini. Alimletea Mama kitambaa cha kichwa cha hariri, mimi akaniletea sanduku la chokoleti. Tulikutana dukani, Babu alikuwa amesogeza makochi ukutani na kutandika shuka jeupe juu ya meza yake ya kazi. Walipiga wote watatu, na ile nyumba ndogo ikajaa mpaka watoto wa mtaani wakaja kubandika nyuso dirishani. Lolo alikuwa akimtazama Mama mkono. Mwishoni aliweka gitaa chini, akamwambia Nanno kitu kwa lugha yao, kisha akakirudia kwa Kiingereza ili sisi tusikie. "Miaka mingi natafuta mtu wa kukaa nyuma ya ndugu yangu asimsukume. Nimempata kwenye duka la makochi." Nanno aliinamisha kichwa, nikaona masikio yake yamekuwa mekundu kama ya mtoto aliyesifiwa.

Babu alifurahi kupita kiasi. Alisema lazima tukate tikiti maji, na kwa kuwa kisu cha jikoni kilikuwa butu alichukua kile alichokatia ngozi. Tikiti liliteleza. Sikuona kisu kikiingia. Niliona tu shuka jeupe likibadilika rangi, na Babu akiutazama mkono wake kwa mshangao, kama vile ni wa mtu mwingine. Kilikuwa kimepita kwenye kifundo, na Babu alikuwa akinywa dawa za moyo zinazofanya damu iwe nyepesi. Ilitoka kwa kuruka.

Nimeurudia wakati ule mara nyingi, nikitafuta mahali ambapo Mama alisita. Hakuna. Alikuwa amemfikia Babu kabla ya kiti kuanguka. Alimlaza, akaunyanyua mkono juu, akabana kwa vidole vyake mahali anapopajua, akamwambia, "Mzee, nitazame mimi, usitazame huko," na mimi akaniambia niite gari la wagonjwa na niwaambie maneno haya na haya. Alitaja dawa kwa majina yake. Kitambaa cha hariri ndicho kilichokuwa karibu, basi akakifunga juu ya jeraha na kukikaza kwa mpini wa nyundo. Damu ilimfika viwikoni. Hakuna mshona vitambaa anayefanya hivyo, na kila aliyekuwemo mle alijua. Lolo alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma. Nanno alikuwa mlangoni na gitaa lake, uso umemwishia rangi. Alipiga hatua moja kuelekea kwa Mama, akasimama.

Babu alipona. Wahudumu waliokuja kumchukua walimwambia Mama kwamba mzee asingefika hospitali bila yeye. Gari lilipoondoka, Mama alirudi ndani kunawa, na Lolo akamngoja mpaka akamaliza. Nasema hili kwa sababu nimesikia watu wakimsimulia mtu kama Lolo kama vile ni shetani, naye hakuwa. Alimwinamia Mama. Alimshukuru kwa kuokoa uhai, na macho yake yalisema kweli. Kisha akasema kwamba mama yao bado yu hai, na kwamba yeye Lolo hana uwezo wa kumketisha mwanamke huyu kwenye meza ya mama yao bila kumvunja bibi kizee yule aliyezaliwa na mwanamke aliyerudi peke yake. Akatoka, akakaa ndani ya gari.

Nilikuwa ngazini. Hawakunifukuza, nadhani hawakuniona.

"Acha hospitali, Rispa," Nanno alisema, akimtaja Mama kwa jina. "Ukiacha, mama yangu atakupokea. Itachukua muda, lakini atakupokea."

"Na asubuhi nitaamka nikiwa nani?"

"Mke wangu. Mwenzangu wa gitaa."

"Nilikuwa mtu kabla hujaja, Nanno."

Nanno alikaa kwenye kochi, akaushika uso wake. Kisha akasema, "Basi niambie nibaki. Ukiniambia, nitabaki, hata nisipokula nao tena maisha yangu yote."

Nilingoja Mama aseme. Maneno yalikuwa mawili tu, "Baki, Nanno," na nilikuwa nimeshayatamka kimoyomoyo kwa niaba yake. Mama aliokota vipande vya tikiti sakafuni, akavikusanya kwenye karatasi. "Nenda ukamwone mama yako," alisema. "Mtu hazuiwi kwenda kwa mama yake."

Nanno aliinuka. "Ukinihitaji, utaniita," alisema. Waliondoka kabla ya jua kuzama. Gitaa la pili alituachia.

Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Nami nimeyaona yakikua nyumbani kwetu kama mtoto, polepole, mpaka yakawa na uso wake. Mama hakulalamika hata siku moja. Alirudi kazini, akapanda vyeo, akawa msimamizi wa wodi. Viatu vyekundu alivivaa vikaisha. Miezi ya kwanza simu ilipolia aliifuata haraka, kisha akaacha kuharakisha. Gitaa alimpa Babu amwekee, kwa kuwa hakutaka kulitazama wala kuliuza. Na Babu alipofariki, nikiwa chuoni, watoto wake walilisafisha duka kwa siku moja na kutupa vilivyomo, nasi tukapata habari baadaye. Hakuna kanda ya muziki wao. Hatukuwa na desturi ya kurekodi kila kitu. Wimbo wa ng'ombe aliyekataa kuuzwa nakumbuka nusu yake, na Mama husema nusu hiyo nayo naikosea.

Mwaka jana Nanno alikuja Birmingham. Niliona picha yake kwenye tangazo nikiwa kwenye tramu, nywele nyeupe sasa, zimechanwa vile vile kurudi nyuma. Mama alikataa kwenda, akasingizia magoti. Nikaenda peke yangu, nikakaa nyuma. Alipiga vizuri kuliko zamani, kama jambo hilo linawezekana. Ukumbi mzima ulisimama. Nyuma yake alikuwa mpwa wake, mtoto wa Lolo. Mwishoni nilipanga foleni na wengine, na nilipomtajia jina langu aliushika mkono wangu asiuachie. Aliuliza habari za Babu, nikamweleza kwamba alifariki. Aliuliza habari za Mama, nikamwambia amestaafu. Alioa, alisema, mwanamke mwema, wana mabinti wawili. Kisha akasema, bila lawama, kama mtu anayetaja hali ya hewa ya siku ya zamani, "Nilingoja aniite. Mwaka wa kwanza sikutia saini kazi yoyote ya mbali, nikingoja. Lakini alikuwa ameshaniambia niende."

Kesho yake nilimkuta Mama nyuma ya nyumba akichuma saga, mboga anayoipanda kila mwaka kwenye udongo huu wa baridi akibishana nao mpaka ikubali. Nilimweleza kwa Kiingereza, kama tunavyofanya sisi tuliokulia hapa tunapokuwa na haraka. Aliacha kuchuma. Aliniambia nirudie kwa Kiswahili, polepole, neno kwa neno kama Nanno alivyosema. Nikarudia. Akaketi juu ya ukingo wa kitalu, mboga zikiwa mapajani.

"Kwetu," alisema, "ukimwambia mwanamume aende kwa mama yake, humfukuzi. Unamtuma. Anakwenda kusema na watu wake, halafu anarudi na jibu, na wazee. Mimi nilikuwa nimemtuma, Kageha. Nilikuwa nasubiri jibu."

Mimi naishi Selly Oak na mwanamume ninayempenda. Kutwa nzima tunaandikiana kwenye simu: niko stesheni, nimekasirika, samahani, nunua maziwa. Tukigombana asubuhi, tumepatana kabla treni haijafika mjini. Zamani niliona kwamba kizazi chetu kimewashinda wao kwa akili, kwa sababu hakuna kitu kinachobaki bila kusemwa kati yetu. Siku hizi sina hakika. Hatujawahi kukinywea kikombe cha mtu tukijua kitatugharimu meza ya mama yetu, na hakuna anayetukatia nyuzi nyuma yetu macho kayafumba akijua tunakokwenda. Lakini ile siku, kwenye kitalu, nilipomtazama mama yangu akiwa ameshika majani mkononi na kusahau ya nini, ningeitoa furaha ya kiangazi kile yote ili mmoja wao awe amezaliwa mropokaji.